Hodi ya Ushguli

Saa tano usiku, Kutaisi. Chai imepoa kikombeni.
Huko juu milimani, theluji imefunga njia,
mtu anagonga mlango ambao bawabu wake ni mimi.
Handaki ninalolichimba halina jembe wala kifusi:
ni namba ndani ya namba, neno ndani ya bahasha,
toka seva ya hospitali hadi zahanati ya Ushguli,
ambako mzee Bekhani kaanguka ngazini
na nyonga yake imo ndani ya picha,
na picha imo ndani ya kompyuta,
na kompyuta haina wa kumwonyesha.

Hodi.
Seva yauliza: Nani?
Mimi.
Mimi nani?

Muuguzi Darejani anacheka simuni, cheko la hasira:
"Mzevinari, huku hata mbwa wananijua.
Nimezalisha nusu ya kijiji hiki, na wewe ukiwemo,
leo chuma chako kinaniuliza jina?"
Mama, chuma hakina macho.
Nywila peke yake ni neno, na neno huokotwa;
ile ya zamani ilikuwa jina la zahanati na mwaka,
imebandikwa ukutani kando ya kalenda.
Nimekupa funguo mbili:
mmoja wa wazi, hata adui na ausome,
mmoja wa siri, usitoke kwenye mashine yako hata kwa kuazimwa,
na juu yake tarakimu sita za kwenye simu
zinazoishi nusu dakika, kisha zinakufa.

"Nne, moja, moja, tisa, sifuri, saba."
Imekataa.
"Nane, mbili, tano..."
Imekataa.
Mara ya tatu akasoma kama anayehesabu matone ya dawa.
Imekataa.
Nikapekua kila mstari nilioandika,
nikajishuku, nikamshuku, nikaishuku milima,
hadi nikatupa jicho ukutani, kisha kwenye seva:
saa ya seva ilikuwa nyuma dakika nne.
Nne tu!
Mwanamke alikuwa akisema kweli ya sasa
kwa bawabu anayeishi jana.

Nikairekebisha saa. Tarakimu sita.
Karibu.

Mlango ukafunguka, lakini mwendo, loo!
Picha ikateremka uzi kwa uzi,
asilimia mbili, asilimia mbili, asilimia tatu,
daktari Badri kasimama nyuma yangu
akichezesha funguo za gari mfukoni.
Haraka haraka haina baraka, najua,
lakini nyonga haijui methali.

Nikatuma pakiti za kupima:
elfu moja mia tano, kimya.
Elfu moja mia nne, kimya.
Elfu moja mia tatu na sitini, jibu.
Ndipo nikakumbuka daraja la kwetu,
lori la nyasi la baba likikwama kila Septemba,
si kwa uzito, kwa upana,
nasi tukishusha mzigo, tukiugawa, tukiupakia upya ng'ambo,
baba akilitukana daraja kwa jina.
Ndivyo pakiti zangu: zimevishwa bahasha ya siri
zikanenepa kuliko njia.
Nikazipunguza hukuhuku, zipite nzima.
Nikamwondoa na karani mmoja kati ya wawili
waliodai risiti ileile, huyu ndani, yule nje,
kila kilichopotea kikiombwa mara mbili.

Sekunde tisa.
Nyonga nzima, nyeupe, na ufa mwembamba kama unywele.
"Msimsogeze," Badri akasema, tayari amevuta kiti.

Kwenye daftari la seva umebaki mstari:
darejani, saa sita na dakika kumi na mbili, ameingia.
Chaji yake ilikuwa inakwisha, akaniuliza upesi:
"Na huyu aliyenifungulia ni nani?"
Mimi.
"Mimi nani?"
Nikamtajia jina la mama yangu.
"Haya," akasema. "Pita."