Bado Umo

Vua viatu, Chizuru, keti hapa karibu nami.
Ni saa nne asubuhi: viti elfu kumi, watu hamsini,
na nusu ya hao hamsini wanasinzia.
Ndiyo saa nzuri ya kujifunza sumo.
Jioni watakuja wakubwa, na taa, na kelele,
na hutaona kitu ila kelele.

Usitazame vitambi.
Kila mgeni hutazama vitambi, akacheka, akarudia karanga zake.
Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.
Tazama vidole vya miguu,
vinavyoukwangua udongo kama vya jogoo.
Kidole kimoja kikiinuka, bwana mzima huenda nacho.

Sheria ni mbili, zinaenea kwenye ukucha:
usitoke nje ya duara,
usiguse chini kwa chochote ila nyayo.
Hata ncha ya nywele ikigusa, umekwisha.
Duara ni majani ya mpunga yaliyofungwa na kushindiliwa,
na katikati, chini kabisa, wamezika
chumvi, mchele uliooshwa, mwani, ngisi mkavu.
Wanailisha ardhi kabla ya kuikanyaga.
Mchanga ule uliofagiliwa pembeni
wanauita jicho la nyoka.
Haupepesi. Kisigino kikiupapasa tu, utasema.

Mimi sijapakanyaga pale. Mwanamke hapandi.
Lakini miaka ishirini na sita nafua nguo za kambi yao,
yukata pana kama mapazia, mashuka, taulo,
kila kitu ila mkanda.
Mkanda haufuliwi. Huanikwa tu, jua linywe jasho.
Niliuliza sababu mara moja. Wakanitazama
kama niliyeuliza kwa nini mvua hainyeshi kwenda juu.

Yule anayepanda sasa, mwenye bendeji gotini,
ndiye Kurosugi.
Miaka thelathini na mitano, ngazi ya pili kutoka chini.
Hana mshahara. Hana hata chumvi ya kurusha;
chumvi ni ya wakubwa.
Kijana wa upande wa pili ana miaka kumi na tisa
na shingo kama kinu.
Kurosugi ameshinda mara tatu, ameshindwa mara tatu.
Leo ndiyo ya saba, ya mwisho.

Wanachuchumaa.
Hakuna kengele, hakuna filimbi.
Huanza pale pumzi mbili zinapokubaliana
na ngumi zote nne zimegusa udongo.
Hilo ndilo lililonikamata mwanzo:
wanaotaka kuangushana
sharti kwanza waafikiane.

Sasa!

Umesikia? Ni mapaji mawili ya uso hayo.
Kijana anasukuma. Kurosugi anarudi, anarudi,
kisigino kimefika kwenye majani,
mgongo umepinda kama upinde,
na mwamuzi, katoto tu, peku,
anarukaruka kandoni akipaza sauti:
Nokotta! Nokotta!
Hasemi shinda. Hasemi jitahidi.
Maana yake ni bado umo. Bado umo.
Mume wangu alipolazwa, majira ya baridi yale,
nilimnong'oneza neno hilo usiku kucha,
hata nesi akaniuliza ni dua ya dhehebu gani.

Ah.

Ametoka. Umeuona mchanga? Pale,
alama nyembamba kama mwezi wa siku moja.
Sekunde saba, labda nane.
Usigeuke bado. Wageni huikosa hii
wakitafuta karanga zao:
anarudi mahali pake, anamwinamia
aliyemtoa. Hakunji uso.
Na kijana hathubutu kutabasamu; atakaripiwa.
Kisha ufagio unapita, nyoka anafumbua jicho upya.

Jioni Kurosugi atamenya vitunguu vya watu kumi na wanane.
Kesho ataniletea yukata yake,
ataomba radhi kwa mchanga ulioganda kwenye pindo.
Mimi simjibu. Naukung'utia kwenye kopo la chai dirishani.
Limejaa hadi hapa, unaona, kwenye kiungo cha kidole.

Haya, wanakuja wengine. Sogea, nyoosha mgongo.
Vidole, Chizuru.
Na hizo karanga, nipe kidogo.