Wino Mwekundu

Saa tano usiku, Tononoka. Feni inasukuma joto
kutoka ukuta huu hadi ule.
Mbele yangu madaftari arubaini na mawili
na swali nililolitunga mwenyewe, kwa kiburi kidogo:
"Mfalme wa Uchina alishindwa na meli za Waingereza.
Mhukumu. Alama ishirini."

Wamemhukumu.
Rukia Shebwana kamwita mzembe.
Kazungu Mwaringa: bahili, mvaa viraka
hali hazina yavuja kwa nyuma.
Mwingine kaandika "muoga" mara sita,
ya saba akaipigia mstari.
Wote nimewapa vyema. Kitabu ndivyo kisemavyo,
na kitabu kaandika nani, sikuwauliza.

Kisha daftari la Famau Shee, wa dawati la nyuma,
ambaye tangu Januari hanijibu ila "sijui, mwalimu."

"Mfalme alitaka kasumba isishuke bandarini.
Makasha yakavunjwa, yakatiwa chumvi na chokaa.
Walioileta wakarudi na mizinga, wakadai fidia.
Na yule aliyetumwa kuimwaga, Mfalme akamhamishia mbali
ili apatikane wa kulaumiwa.
Hapo ndipo alipokosa. Si kushindwa.
Mwalimu, kaka yangu alianza mara moja tu,
nyuma ya ukumbi, harusini.
Mama akamfungia ndani siku tisa. Akavunja dirisha.
Mtaani wasema mama hakulea.
Hawasemi mzigo kaushusha nani."

Basi. Hana tarehe, hana mkataba,
Hong Kong kaisahau kabisa.

Wasema mfalme yule naye alikuwa na wino mwekundu.
Pembeni mwa kila barua akiandika:
nimeona. Haiwezekani. Mnanidanganya.
Na barua zikimfikia zimechakaa njiani,
zikimwambia tumeshinda.

Mimi kalamu yangu ni ya shilingi ishirini.
Siku ya wazazi, mbele ya watu,
nilimwambia mamake Famau:
"Nyumba ndiyo shule ya kwanza."
Alilivuta buibui, akalikaza, akenda zake.
Hiyo nayo kasumba,
ile isiyotaka kiberiti.

Nimeandika kumi na nne. Nikafuta.
Kumi na nane. Nikafuta, karatasi ikatoboka.

Alama nimeiacha wazi.
Pembeni nimetia neno moja, "nimeona,"
ndipo nikatambua ni la nani.