Ubao wa Tatu

Shangazi Somoe ana majaruba manne huko Naumbu.
Siku za bamvua huamka usiku, tochi mdomoni,
akainua ubao wa lango, bahari ikaingia kwa kipimo,
akauteremsha. Jua likamaliza yaliyobaki.
Miaka thelathini, na chumvi yake haijawahi kuwa chungu.

Alipoletwa Ligula na uvimbe chini ya kwapa
aliniuliza mimi, mwenye koti jeupe la kuazima,
mwanafunzi wa maabara nisiyejua hata kutoa pole:
"Hiki kidude kinaishije humu?"

Nikachora nyuma ya kadi ya kliniki.
Duara. Nikasema hii ni seli, jaruba dogo,
na ukutani mwake zimo protini, mabawabu.
Sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani,
tatu nje, mbili ndani,
hata sasa unaponitazama, hata ukilala.
Akacheka. "Kumbe nimejaa vibarua wa chumvi
na sijawalipa."

Na ile iliyougua?
Kalamu ikasita.
Ile, shangazi, inachoma sukari ovyo kama tanuri la chokaa.
Asidi inajaa; ingekufa kwa moshi wake yenyewe.
Lakini imejiongezea malango. Usiku kucha
inausukuma ukali nje, ndani kwake kunabaki kutamu,
na jirani anaungua.

Hakulia. Aligeuza viganja vyake,
vile vya kabla ya chumvi, vya kiwanda cha korosho,
ncha za vidole zingali nyeusi
pale mafuta ya ganda yalipokula ngozi.
"Hiyo naijua," akasema.
"Kokwa nyeupe inakwenda kwa wenyewe.
Ukali tunaachiwa sisi."

Nilitaka kumweleza pia
jinsi seli hiyo inavyomwaga chumvi na maji, ikasinyaa,
ipenye palipo pembamba
kama panya chini ya mlango.
Nikameza.
Kinyama kilikwenda Dar; jibu halijarudi.

"Na bawabu huyo hatiwi kitasa?"
Wapo wanaovichonga, nikasema. Tatizo
kitasa kingine hufunga na lango la moyo.

Akaikunja kadi, akaitia kibindoni,
akahesabu mwezi kwa vidole vile vyeusi.
"Kesho bamvua. Nenda wewe.
Ubao wa tatu unakwama.
Usiupige nyundo.
Unyanyue huku unausikiliza."