Ngozi ya Kuazima

Juni, Matamba. Sakitu imelala juu ya viazi.
Luvanda anamchuna mwanakondoo aliyekufa alfajiri,
haraka, joto halijamtoka,
kisha anamvika ngozi ile yatima wa zizi la pili
kama sweta la shule la kaka mtu:
mikono mirefu, kifungo kimoja.

Kondoo jike anakuja, pua mbele.
Ananusa mkia. Ananusa tena.
Tumebana pumzi
kama watu wanaosubiri matokeo ya darasa la saba.

Afisa mifugo alitueleza, soksi zimemlowa:
mwana anapopasua njia, mlango wa kizazi ukitanuka,
ubongo nao hufungua dirisha,
saa mbili, labda nne,
harufu moja iingie, ikae. Kisha hufungwa.
Wanaokuja baadaye ni wageni, hupigwa vichwa.
Akaitaja homoni, oksitosini.
Luvanda akalirudia jina polepole
kama la mkwe asiyemjua.

Na maziwa, akasema, ni ya kale kuliko titi.
Zamani mno, mnyama fulani wa mayai laini
aliyalalia, akayatolea jasho yasikauke,
na kitoto kilichoanguliwa kikaramba.
Basi. Kikaramba jasho.
Mambo ya kanga, nani kama mama, yalikuja baadaye.

Nilicheka. Halafu sikucheka.

Mwaka ule Makete ilipochoka kuchonga majeneza
mama yangu alizikwa Jumanne.
Ijumaa nikapelekwa kwa Tamali Chaula,
naye katoka kuzika wake,
titi limejaa, linauma, halina wa kulipunguza.
Wakanivika sweta la marehemu, halijafuliwa.
Nani aliwafunza wanawake wale?
Afisa mifugo hakuwapo.

Ila Tamali aliniambia, akimenya viazi,
bila kuinua macho,
kwamba hakudanganyika hata dakika moja.
"Nilikunusa. Ulinuka moshi wa jiko la watu.
Maziwa yakashuka hivyohivyo."

Hapo ndipo njia yetu na kondoo inapogawanyika.
Kwake pua ni komeo.
Kwetu ni mlango wa jikoni, mikono ikijaa
unausukuma kwa goti.

Jike kasimama. Kaachia mguu.
Chini ya mkia wa marehemu
mkia mwingine unatikisika, unatikisika.

Luvanda anafuta kisu kwenye majani.
Keshokutwa tutaivua, anasema, itakuwa imeoza.
Sweta langu sijui liliishia wapi.