Zege Halilali

Kwetu Morogoro mafundi husema zege halilali,
yaani kazi ikishachanganywa imalizwe leo,
usiweke koleo chini ukasema kesho.
Hapa Saskatoon, usiku wa Januari,
mimi ndiye ninayelilaza.

Nalifunika blanketi mbili, juu turubai,
nachomeka kingo upepo usipate njia,
nawasha majiko ya gesi yangurume ndani ya hema.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Ndani, nguzo ya tatu ina joto
la mtoto aliyetoka kuoga.

Nilipompigia mama kwamba nimepata daraja
aliuliza, la ngapi?
La kwanza, mama. Lina nguzo tano.

Miaka miwili kabla ya usiku huu
lilikuwa karatasi mezani kwa Orysia Hnatiuk,
duara la kikombe cha kahawa limekauka juu ya mto.
Alikuwa amechora tao na kulifuta mara nane.
"Wao wanataka kitu cha kupigia picha.
Mimi nataka dereva wa basi apite
asikumbuke kwamba chini kuna maji."
Akaondoa tao. Akaondoa minara na nyaya zake.
Zikabaki boriti za chuma, nguzo,
na kila mwisho wa daraja, pengo
la vidole vinne.

Pengo la nini? Nilikuwa mwanagenzi, niliuliza kila kitu.
"La Julai," akasema, "na la Januari.
Chuma hurefuka, chuma husinyaa.
Ukikibana huku na huku kitajitafutia nafasi chenyewe,
na hutapapenda kitakapoipata."
Nikaikumbuka ndoa ya dada yangu.
Sikusema.

Saa tisa usiku, kona ya kaskazini,
kipimajoto kikasoma nne.
Kikasoma mbili.
Jiko moja limezimika, kichwa cha mtungi kimeganda.
Delmer Ahenakew akafungua chupa yake ya chai,
akaimimina yote juu ya kile kichwa,
chai ya zamu nzima, na sukari yake,
akasubiri, akawasha, akawasha tena.
Moto uliporudi dakika arobaini zilikuwa zimekwenda
na kona ilikuwa imeshuka chini ya sifuri.

Hakuna mwingine aliyeona.
Daftari lilikuwa magotini pangu, wino wa kalamu umegoma,
nikaupasha kwapani.
"Wangekuamini ukiandika kumi," Delmer alisema
bila kunitazama.
Niliandika arobaini.
Akalichukua daftari akatia sahihi chini ya yangu,
kisha akaniomba chai.

Aprili waliivunja ile kona kwa nyundo za umeme,
siku tisa, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi,
nondo zimebaki wazi kama mbavu za mbuzi wa sikukuu.
Meneja hakunisalimia mpaka Juni.
Orysia alikuja na kofia yake ya njano,
akaligonga zege jipya kwa funguo za gari,
akategea sikio,
akaondoka kwenda kula.

Sherehe ya kukata utepe sikualikwa.
Siku ile nilikuwa na homa, nisingekwenda.

Sasa napita pale kwa basi, kazini na kurudi.
Julai pengo huwa kidole kimoja.
Leo ni vinne kamili, nimeshuka nikapima,
wenye magari wakidhani nimeangusha kitu.
Zege, aliwahi kuniambia Orysia, huendelea kukomaa
miaka na miaka, kimyakimya, hata chini ya theluji;
kwa hiyo mafundi wa Morogoro walikuwa sahihi
na blanketi zangu zote ni bure.

Tairi likivuka kiungo husema *tu-tup*.
Mbele yangu kijana ana simu, mama ana vitunguu.
Dereva anapiga miayo.
Mto wameshauvuka.