Karani wa Mizani

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja:
kazi uliyofanya kabla ya hii.
Mstari wenyewe mfupi kama kidole gumba.
Nikaandika Nyumbani. Nikafuta.
Nikaandika Nilimuuguza mama,
lakini karatasi ilikuwa imeshachubuka
na wino ukatawanyika kama umemwagiwa chai.

Kijana wa utumishi, shati limenyooshwa hadi kwapani,
akahesabu kwa ncha ya kalamu.
"Miaka tisa, dada. Miaka tisa hukufanya kazi?"
Mvua ya Tukuyu ilikuwa inaongea juu ya bati.
Nikaiachia ijibu.

Ningemwambia nini?
Kwamba siku ya kwanza nilipombeba Mama
kutoka kitandani hadi kitini
alikuwa kilo sitini na tatu, pamoja na kitenge?
Hakuna aliyempima. Mikono ndiyo ilisoma.
Miaka sita nilipima majani mabichi,
na mwili wa karani hausahau:
mwaka wa pili, hamsini na saba;
mwaka alioyakataa maharage, hamsini kasoro;
halafu arobaini na nne, halafu
nikaacha kujisomea.

Kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku pia.
Julai ukungu hauondoki, nguo hazikauki,
unazitandaza juu ya jiko la mkaa
na nyumba nzima inanuka moshi, sabuni ya mche, mkojo.
Viatu vyangu vya kazini vikaota uyoga mvunguni.
Kaka Ambakisye alituma pesa kutoka Mbeya, mwezi huu ndiyo, ule hapana,
na ujumbe uleule: Mungu atakulipa, Subilaga.
Karani huuliza tarehe ya malipo.
Mimi sikuuliza.

Kila nilipomgeuza, Mama alisema "Ndaga,"
kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki.
Ndaga ya saa nane usiku. Ndaga ya alfajiri.
Ndizo stakabadhi nilizo nazo.
Hazina muhuri, kijana. Ningeziambatanisha wapi?

Wakanichukua hata hivyo. Msimu ulikuwa umechanganya,
karani wao alikuwa amejifungua.

Mizani ya sasa ina namba nyekundu zinazowaka.
Tumpale, binti wa juzi, ananifundisha:
"Mama, eh, samahani, dada, kabla ya mzigo
bonyeza hapa, irudi sifuri."
Nikabonyeza. Ikarudi.
Kidole kimoja tu, na imesahau kila ilichobeba.
Nikabonyeza tena, bila sababu.
Tumpale akanitazama.

Foleni ikafika hadi kwenye mikaratusi.
Wachumaji wamejifunga mifuko ya plastiki viunoni,
wananukia majani na jasho na mihogo ya kuchoma.
Mzee mmoja akashindwa kuufikisha mfuko wake kwenye ndoano.
Nikaupokea, mkono mmoja chini, mwingine mgongoni
(mfuko hauna mgongo, najua),
na kabla sijautundika mikono ikasema
thelathini na nane.

Namba nyekundu zikatetemeka, zikatulia.
Thelathini na nane nukta mbili.

Hakuna aliyeona kitu.
Nilisimama pale, kalamu hewani,
nikaitafuta sifuri kwa macho.

"Dada, andika, mvua hiyo inakuja!"

Nikaandika.
"Majani yamelowa, mzee. Kato la maji, kilo mbili."
"Kilo mbili! Umande tu huu!"
"Mbili."
Akanuna, akanung'unika Kinyakyusa, akageukia wenzake wamtetee,
nami nikaisikia sauti yangu ikitoka, ile ya zamani,
ya kupita juu ya lori na juu ya mashine,
sauti niliyoiweka miaka tisa
kwa sababu chumbani kwa mgonjwa watu hunong'ona:

"Anayefuata!"