Mumbunda

Bibi mwenye pete kumi anageuza karata.
Radi inanguruma, tena humo humo sebuleni, madirisha yamefungwa,
halafu tangazo la sabuni.
Ndivyo ilivyo kila Alhamisi, saa mbili na nusu usiku,
Katuba, kwa mjomba Kyembe,
watu kumi na mmoja na kiti kimoja chenye mgongo.

Mfasiri ni mimi. Nilisoma Kifaransa kwa masista,
basi natangaza: "Hiyo ni Kifo."
Mama Ngalula ananijibu, "Fuvu tumeliona, mtoto. Hatukuuliza."

Mjomba hasikilizi. Mjomba anachora kwa macho.
Ana sekunde mbili, kabla kamera haijarudi
kwenye uso wa msichana atakayelia,
na katika sekunde hizo mbili anaiba:
farasi mweupe, mbwa wawili wanaobwekea mwezi,
mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja
ambaye, sijui kwa nini, ametulia
kama mtu aliyelipwa mshahara.

Asubuhi anazitoa, juu ya magunia ya unga
aliyoyawamba kwenye mbao,
kwa rangi iliyobaki ya kibao cha kinyozi.
Mwezi wake una wekundu wa matofali yetu.
Farasi hajawahi kumwona; amempa miguu ya mbuzi.
Na Kifo, aliyempanda, amevaa kofia ya mgodini.

"Zote ni ngapi?" aliniuliza.
Nikamwambia nimesoma mahali: sabini na nane.
Akacheka hadi brashi ikamponyoka.
"Sabini na nane! Na hawa wametuonyesha tano, mwaka wa pili huu.
Hizo nyingine zinafanya nini?
Lazima yumo humo anayesonga bukari.
Yumo anayesubiri chenji."

Nimeliwaza sana hilo.
Kwenye tamthilia karata haikosei kamwe,
na itakoseaje?
Aliyempa bibi karata
ndiye aliyempa msichana gari lisilo na breki.
Hapa kwetu hatujui nani anaandika.
Tunageuza siku, tunaikuta siku.

Ile ya mnara ilimchukua wiki nzima.
Kwenye televisheni ulikuwa wa mawe, una taji juu,
umepasuliwa na radi, watu wawili wanaanguka vichwa chini.
Mjomba hana mnara wa mawe kichwani. Alichora mumbunda,
bomba letu la kiwanda, na kando yake
ule mlima mweusi wa makapi ya shaba.
Akaupiga radi ya njano, akaangusha watu wawili,
akaitundika picha ukutani nje, ipate mnunuzi.

Akaja Papa Kalenga, miaka ishirini na sita kwenye tanuru,
na mfuko wa nailoni wenye dagaa.
Akatazama. Akasogea. Akanusa rangi.
"Umekosea," akasema. "Haukupigwa na kitu.
Hakuna aliyeanguka.
Siku moja tuliamka, nguo kwenye kamba zilikuwa safi,
na wake zetu wakafurahi."

Mjomba hakujibu. Alichovya kitambaa kwenye tapentaini
akafuta radi. Wale wawili akawaacha hewani,
maana buluu ya kuwafunika haikutosha,
na sasa wanaonekana kama wanaogelea,
au wametoka kidogo kuutazama mji.
Papa Kalenga aliichukua kwa mkopo. Bado anadaiwa.

Jana: bibi ameweka mkono juu ya karata,
pete zinang'aa, ngurumo inajikohoza,
umeme ukaenda.
Watu kumi na mmoja gizani. Hakuna aliyeinuka.
"Mfasiri," akasema Mama Ngalula, "geuza."
Nilikaa kimya mpaka nikasikia mtu akijikuna.
"Ni mwanamke," nikasema. "Anaanua nguo."
Na sauti ya Papa Kalenga, kutoka mlangoni, taratibu:
"Zina masizi?"